PPI, Pure na Kandambili: Barua kwa Walimu na Wazazi wa Shule Yetu

Malindi

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wazazi wetu Waislamu, Assalamu aleikum. Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba.

Ijumaa ya wiki jana nilikuja shuleni kumchukua mjukuu wangu, nikafika mapema. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, jua la kaskazi limekaa juu ya mabati, nami nikajibanza kwenye kivuli cha ukuta wa Gredi ya Tano. Ratiba imebandikwa hapo hapo mlangoni. Nikavaa miwani, nikaisoma: Ijumaa, saa nane, PPI, yaani kipindi cha malezi ya kidini. Nikachungulia dirishani. Ubaoni, kwa chaki: 3/4 + 2/3. Watoto arobaini na kitu, mashati yamewaganda mgongoni, wanakuna vichwa.

Mwalimu akaniona, akaja mlangoni na kicheko cha aibu. "Mwalimu, tuko nyuma sana kwa Hisabati. Nimekopa tu hiki kipindi."

Nikamwuliza, "Utakilipa lini?" Akacheka tena, tukasalimiana vizuri, nikaenda zangu.

Simlaumu. Nimeshika chaki miaka mingi, na baadhi yenu mlio wazazi hapo nimewafundisha kuandika majina yenu. Naijua hofu ya mwalimu anayesubiri mtihani wa Gredi ya Sita huku mwalimu mkuu akiulizia matokeo. Lakini usiku ule sikulala, na sababu haikuwa joto peke yake. Ndiyo maana naandika.

PPI ni kipindi kimoja kwa wiki, dakika 35. CRE, somo la dini ya Kikristo, ina mtihani, IRE, la dini ya Kiislamu, ina mtihani, PPI haina. Hakuna anayeisahihisha, ndiyo maana ni rahisi kuikopa. Lakini ndicho kipindi ambacho Wakatoliki wanakaa na katekista wao, Waislamu na ustadhi wao, wa makanisa mengine na walezi wao, na mtoto anaweza kuuliza jambo lisilo na alama. Katika wiki nzima ya shule, mna saa gani nyingine ya namna hiyo?

Na kwetu hapa kipindi hicho kina uzito wake. Shakahola ni hapa hapa kwetu. Mnakumbuka Aprili 2023, magari yakiingia mjini kuelekea mochari, na sisi tumesimama barabarani tusijue tuseme nini. Miili iliyofukuliwa msituni ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Walitoka katika familia zilizoambiwa kwamba shule ni ya shetani na kwamba kufunga mpaka kufa ni kumwendea Yesu. Maneno waliyoambiwa ni yale yale tunayotumia sisi: kufunga, sala, mbinguni. Mtoto aliyezoea kukariri tu hana namna ya kupambanua.

Miezi michache baada ya hapo msichana mmoja wa katekisimu aliniuliza: "Mwalimu, Mungu akipenda tufunge, mbona mama anatupikia?" Darasa likanyamaza. Nilimshukuru Mungu kwamba aliniuliza mimi. Nikamweleza kwamba Kanisa lina sheria, tena iko wazi: kufunga kunamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka aingie mwaka wa 60, na siku zenyewe ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kuacha nyama kunaanza kwa aliyetimiza miaka 14. Mgonjwa hafungi, mwenye mimba hafungi, na mtoto hafungi. Rafiki yake Mwislamu aliyekuwa akisubiri nje (walikuwa wakirudi pamoja) akadakia kwamba hata kwao mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki. Nikawaambia basi mmeona, mama anapokupikia anatii. Akaondoka ameridhika. Jibu hilo lilichukua dakika tano. Siku hiyo kipindi kingekuwa kimekopwa, angelipeleka swali lake wapi?

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, wanangu walimu: kipindi hicho kisikopwe tena. Na kisigeuzwe kuwa CRE ya pili, ya kuandika maelezo ubaoni na kunakili. Someni kifungu kifupi cha Injili, halafu mnyamaze. Acheni watoto waulize. Mkikosa jibu, semeni hamjui na mtamwuliza padre. Mtoto akimsikia mwalimu wake akisema hajui, hatamwogopa, na kesho atauliza tena.

Sasa niingie jikoni, mahali ambapo nadhani mtanikasirikia.

Ijumaa ile ile nilipita wakati mabakuli yanaoshwa, nikaambiwa kulikuwa na pure, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja. Nikarudi Jumatatu makusudi, kabla ya chakula. Kengele ikagongwa, Malaika wa Bwana ikasaliwa vizuri kabisa, Baba Yetu ikaimbwa kwa sauti mbili mpaka nikasisimka. "Utupe leo mkate wetu wa kila siku." Halafu akatoka mama na daftari, akaanza kuita majina ya waliolipa. Waliotajwa wakapanga foleni kwenye sufuria. Wengine wakaenda chini ya mkanju, wakakaa, wakajifanya wanacheza mawe. Nilihesabu saba. Walikuwa wameimba Baba Yetu kama wenzao.

Najua mahindi yananunuliwa. Najua kuni na mpishi hawaji bure, na kwamba kuna mzazi anayejificha nyuma ya umaskini wa jirani yake ilhali biashara yake inakwenda. Mfuateni huyo, mwiteni ofisini, mkasirikieni kwa haki yake. Lakini daftari likae ofisini. Lisisomwe mbele ya sufuria, hata siku moja, na hasa lisisomwe dakika mbili baada ya sala ile. Kila mtoto ashike bakuli lake, upawa umfikie. Deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi.

Najua mtauliza chakula kitatoka wapi. Tuna jumuiya ndogondogo katika parokia, na karibu zote zina mtoto hapo shuleni. Wanajumuiya wenye mashamba huko bara, kuanzia Ganda kwenda juu, wakivuna watoe pishi moja moja ya mahindi, au ya kunde. Sisi wa mjini tusiolima tutoe mafuta na chumvi. Wazazi Waislamu nimewasikia zaidi ya mara moja wakiuliza kama sadaka yao inapokelewa katika shule ya kanisa. Inapokelewa. Watoto wao nao wamo chini ya mkanju ule.

Msidhani nasema haya kwa sababu mimi nilikuwa bora. Katika miaka ya themanini, kwenye shule nyingine kabisa, nilitayarisha watoto 20 kwa Komunyo ya Kwanza. Nilikuwa kijana, napenda mambo yapendeze, nikatangaza kwamba wote wavae viatu vyeupe. Mvulana mmoja, baba yake mgema, alikuja na kandambili. Zilikuwa zimesuguliwa zikatakata, na ya kushoto kamba yake imeshikizwa kwa waya. Katekisimu aliijua kuliko wote. Nikamtoa mbele nikamweka mwisho wa mstari, ili asionekane sana. Komunyo akapokea. Lakini Misa ilipokwisha tukapanga watoto kwa picha, nami nikamtuma akachote maji ya maua.

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Imewaonyesha watoto 19.

Mama yake hakuonekana tena katika jumuiya yetu. Sikwenda kumwuliza sababu, kwa kuwa nilikuwa naijua. Nimeungama, na nimesamehewa na Mungu. Yule kijana sijui kama amenisamehe, maana sikumwomba.

Kwa hiyo naomba Komunyo ya Kwanza mwaka huu watoto wavae sare ya shule, iliyofuliwa na kupigwa pasi, basi. Gauni za kukodi na viatu vya siku moja tuviache. Nimeshamweleza paroko, hakukataa.

Na ile Misa ya kuwaombea watahiniwa, ya kubariki kalamu na rula, mimi siipingi. Inajaza kanisa, wazazi wanakuja hata wasioonekana Krismasi. Ila mtoto asifike akaamini kwamba Mungu ni wa Gredi ya Sita na Gredi ya Tisa tu.

Nije kwa jambo la ujirani, maana Malindi hatuwezi kuongea imani tukasahau tunaishi na nani. Mnakijua kikanisa cha Wareno pale karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi yaliyokizunguka. Watalii wanakipiga picha kila siku, na watoto wetu wengi hawajawahi kuingia. Wapelekeni, kwa miguu, si mbali. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka Malindi akiwa njiani kwenda Goa, na hapa akamzika mtu wa merikebuni. Alipofika Goa aliandika barua akaeleza kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa mji huu alimwuliza: huko kwenu makanisa yanajaa? Watu wanasali kwa moyo? Maana hapa, alisema mzee yule, tuna misikiti 17, na watu wanakwenda mitatu tu, tena wachache.

Jibu la Fransisko lilikuwa na ukali wa zama zake, silifundishi. Swali ndilo ninalolipenda. Watu wawili wa dini mbili, mjini petu, wanazungumza kwa uchungu kama watu wao bado wanamkumbuka Mungu. Mimi na jirani yangu hajati tunaulizana vivyo hivyo kila Ijumaa, yeye akitoka msikitini, mimi nikienda Njia ya Msalaba. Na walimu wajue hili: Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulitoa kwa siku moja tamko juu ya malezi ya Kikristo na tamko juu ya dini nyingine, lile linalosema Kanisa linawaheshimu Waislamu. Shule yetu imesimama juu ya yote mawili.

Mwaka 2025 Ramadhani iliandama siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, ambayo ilikuwa Machi 5. Darasa moja, watoto wenye majivu usoni na wenzao wamefunga. Nafasi kama hiyo mwalimu hapangi, anapewa. Lakini nilisikia kwamba wasichana wawili waliofunga walipangiwa zamu ya kubeba sufuria la pure, na mbio za shule zikawekwa saa nane mchana. Sidhani ilikuwa ubaya, ilikuwa kutofikiri. Ramadhani ijayo fikirini.

Na mtoto akifiwa, msitume mchango peke yake. Gredi nzima iende matangani na mwalimu wake, wakae hata nusu saa mkekani. Hawatakiwi kusema kitu.

Wazazi, kwenu nina machache, kwa sababu mnajua mnachokifanya. Mtaguso huo huo umewaita nyinyi waelimishaji wa kwanza. Jumapili naona watoto wanashushwa na tuktuk langoni mwa kanisa, tuktuk inageuza, inarudi kumchukua baada ya Misa. Mwenye tuktuk ameshanijua, tunasalimiana. Siku moja niliwauliza watoto kumi wa PMC, kile chama cha watoto cha parokia, nani nyumbani anasali nao usiku. Wanne walisema bibi. Mmoja akasema "simu", maana kuna Rozari inayochezwa humo. Nilicheka, halafu sikucheka.

Ijumaa hii nitakuja tena. Mwalimu wa Gredi ya Tano, usihangaike na kiti, nakuja na kigoda changu. Sehemu zako za Hisabati zifundishe Jumatatu asubuhi watoto wakiwa hawana usingizi, nami nikipata mtu wa kunisaidia kubeba, nitakuja na pishi mbili za kunde za mama wa jikoni.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu na katekista