Barua ya wazi kwa benchi la ufundi lililorudi na kombe

Wanangu mnaofundisha soka ya wanawake vyuoni: makocha wakuu, wasaidizi, makocha wa makipa, mameneja, matroni na watunza vifaa. Salaam nyingi.

Nawaandikia hasa ninyi mliorudi chuoni mnapiga honi kwenye basi. Waliofungwa hawahitaji barua yangu, kwani wanajua walikoachia. Aliyeshinda ndiye mara nyingi hajui kilichomshindisha. Atakwambia ni umoja, ni maombi, ni kujituma. Mimi nauliza kitu kimoja: kocha mkuu akipata kazi kesho kwenye klabu ya ligi kuu akaondoka na begi lake, kitabaki nini?

Tazameni Chapel Hill, Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Anson Dorrance aliifundisha timu ya wanawake pale tangu 1979 na kuchukua mataji 21 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, tisa kati ya hayo mfululizo, 1986 hadi 1994. Agosti 2024, siku chache tu kabla ya msimu kuanza, akatangaza kustaafu. Timu akakabidhiwa msaidizi wake, Damon Nahas, tena kwa cheo cha muda. Desemba ya mwaka huohuo wakaifunga Wake Forest 1-0 kwenye fainali. Lilikuwa taji la 22, na la kwanza tangu 2012. Bahati ilikuwepo, sikatai, maana fainali ya bao moja haikosi bahati. Lakini timu iliyojengwa kichwani mwa mtu mmoja isingefika Desemba. Ingeanza kugombana Septemba.

Pale kulikuwa na daftari. Dorrance alijifunza kwa Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, tabia ya kuandika matokeo ya kila zoezi. Akaihamishia kwenye soka: karibu kila kitu mazoezini kina mshindi na mshindwa, matokeo yanaandikwa, orodha inabandikwa, kila msichana anaona alipo. Sisi utaratibu huo tuuite chungu cha ushindani. Wengi wamesikia habari zake, wakaiga makelele yake na kuacha kalamu.

Kuanza hakuhitaji kompyuta. Nunueni kaunta buku moja nene. Chagueni mazoezi manne tu ya kupimwa kwa wiki: moja dhidi ya moja, tatu dhidi ya tatu, kumalizia golini, na mbio za kurudia. Mkipima kumi, wiki ya tatu mtachoka na daftari litafunikia sufuria.

Chukueni hilo la moja dhidi ya moja. Kila jozi iwe na kiwanja chake cha mita 20 kwa 12, geti la koni la mita 2 kila mwisho. Anayepita na mpira mguuni kwenye geti la mwenzake amefunga. Mchezo dakika 1, kisha pumziko la dakika 1 na nusu, kisha wachezaji wa upande mmoja wanasogea kiwanja kimoja ili kila mtu apate mpinzani mpya. Michezo 6 inatosha. Mkiongeza wa saba na wa nane miguu imeshakufa, mnapima uchovu na si soka. Ushindi pointi 3, sare 1, kufungwa 0. Filimbi ya mwisho ikilia, aliyefungwa ndiye anayekwenda kwa mwandishi kutaja matokeo. Mshindi akitaja kutazuka ubishi, lakini aliyefungwa akitaja mwenyewe hakuna wa kumbishia. Nendeni mkasimame pembeni siku ya kwanza mtazame: yupo atakayetembea polepole sana kuelekea kwa mwandishi, na yupo atakayekimbia kutaja kufungwa kwake ili arudi haraka kwa mpinzani anayefuata. Huyo wa pili andikeni jina lake pembeni.

Mwandishi asiwe kocha. Mpeni mchezaji majeruhi au mwanafunzi anayependa hesabu. Aandike palepale, kwenye vumbi, wala asiseme atajaza usiku hosteli. Kumbukumbu ya usiku humpendelea mfungaji na kumsahau beki.

Daftari hili lina namna zake za kuharibika. Ya kwanza ni kumgombeza beki wa kati kwa kuwa wa mwisho kwenye kumalizia golini. Kila zoezi lina watu wake, mlinganisheni na wa namba yake. Ya pili ni kutuma orodha kwenye kundi la WhatsApp. Ikishafika huko imefika kwa mashemeji, na binti aliye nafasi ya 19 hatakuja mazoezini Jumatatu. Bandikeni mlango wa ndani wa chumba cha kubadilishia, wiki ikiisha bandueni. Ya tatu ndiyo inayoua kabisa: binti anaongoza jedwali mwezi mzima, siku ya mechi yuko benchi na hakuna aliyemwambia kwa nini. Mnaweza kuwa na sababu nzuri, pengine hajui kukaba kona, pengine mpinzani ana winga wa mbio. Mwambieni Ijumaa, ana kwa ana. Jedwali halipangi kikosi, kazi yake ni kumnyima kocha nafasi ya kunyamaza.

Nasikia watu wakisema wasichana hawapendi kushindana na rafiki zao. Siamini. Wanachochukia ni ushindani usio na mwanzo wala mwisho, unaowafuata hadi kwenye foleni ya chakula. Filimbi ianze, filimbi imalize.

Sasa onyo kwa wanaotaka kuiga kila kitu. Chapel Hill walijulikana kwa kukaba juu bila huruma, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, mara nyingi kwa mfumo wa 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu), na wachezaji wakiingia na kutoka kwa mafungu. Sheria za soka ya vyuo vya Marekani zinaibeba kazi hiyo: mchezaji aliyetoka kipindi cha kwanza anaweza kurudi cha pili, na kipindi cha pili aliyetoka anaruhusiwa kurudi mara moja tu. Kwetu aliyetoka ametoka. Mashindano mengi yanakupa mabadiliko 5, kwa kusimamisha mchezo mara 3 tu ukiacha mapumziko, na mengine hata hayo hayana, kwa hiyo someni kanuni zenu kabla ya kupanda basi. Timu inayokaba juu dakika 90 kwa watu 11 na watano wa akiba, saa 8 mchana, Dodoma au Kisumu, itapasuka dakika ya 65. Kabeni juu kwa vipande: dakika 10 za mwanzo, 5 baada ya mapumziko, na kila mpinzani anapoanza na goli kiki fupi. Muda unaobaki rudini mstari wa kati mkae karibu karibu.

Kuhusu mgawanyo wa kazi sitasema mengi. Msaidizi anayebeba koni tu ni kazi iliyopotea. Siku ya mechi mmoja atazame timu yetu tusipokuwa na mpira, mwingine ahesabu sehemu tunapopoteza mipira na nani anaachwa kwenye mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki. Mapumziko ni dakika 15: nne za kwanza maji na kimya, tatu wasaidizi wanamwambia kocha mkuu walichoandika pembeni, kisha kocha anasema mambo mawili. Akisema saba, wachezaji watakumbuka lile la kuudhi.

Kuna jambo moja nataka tukae nalo, nalo ni goti. Wanasoka wanawake huchanika kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL) kwa kiwango cha mara mbili na zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi hakuna aliyewagusa. Binti anatua kutoka kupiga kichwa au anageuka ghafla, goti linaingia ndani, mnasikia mlio. Hapo msimu wake umekwisha, na kama chuo hakina bima ya kueleweka, pengine soka yake yote. FIFA wana mpango wa kupasha misuli unaoitwa 11+. Una mazoezi 15 kwa takriban dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na kuruka na usawa wa mwili dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Ukifanywa angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, majeraha hupungua sana. Siku ya mechi fanyeni sehemu ya kwanza na ya tatu tu. Hauhitaji kifaa ila koni na mpira.

Timu nyingi zinaufanya na bado magoti yanachanika. Sababu ni kwamba kocha yuko mbali anaongea na mwamuzi, nahodha anaongoza huku wengine wanacheka, na kuruka kumegeuka ngoma. Msaidizi mmoja asimame mbele ya wachezaji, si pembeni, kwa sababu goti linaloingia ndani halionekani vizuri kutoka pembeni. Atazame kutua. Goti likae juu ya kidole cha pili cha mguu, nyonga zishuke nyuma kama anayetafuta kigoda, na mtuo usisikike. Akisikia kishindo, amrudishe binti aruke tena, kimo kidogo, hata mara kumi. Wachezaji 20 hawezi kuwaona wote siku moja, kwa hiyo awaone watano, kesho watano wengine, na aandike.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kano hiyo asirudi mechini kabla ya miezi 9, hata kama anakimbia vizuri, hata kama fainali ni Jumamosi. Na miezi 9 peke yake haitoshi. Mpimeni kuruka kwa mguu mmoja, kwa umbali, mara tatu kila mguu. Mguu uliopasuliwa ufike angalau asilimia 90 ya ule mzima. Akiruka mita 1.40 kwa mguu mzima, ule mwingine ufike mita 1.26. Pungufu ya hapo anarudi kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na kocha anameza mate.

Nguvu za binti zinaanzia tumboni, na ya tumboni yanategemea bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu. Bumu likichelewa, mnao mazoezini wachezaji waliokunywa chai kavu asubuhi na basi. Msiwaite wavivu. Pangeni na mama ntilie wa karibu na uwanja: uji, mihogo ya kuchemsha na ndizi saa mbili kabla ya mazoezi, wali maharage au chapati maharage ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Binti ambaye hedhi imekatika miezi mitatu na si mjamzito, au anayeishiwa pumzi kwenye mbio alizokuwa anazimudu, aende zahanati apimwe, wingi wa damu ukiwemo. Kukatika kwa hedhi si dalili ya kuwa fiti, mara nyingi ni dalili kwamba anakula kidogo kuliko anachotumia, na mifupa yake ndiyo itakayolipa. Matroni aulize haya, kwa faragha, na akae na taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza bila mtu kuomba kwa aibu. Kupima uzito hadharani na kusoma kilo kwa sauti acheni leo.

Kuna mipaka, na hapa sitanii. Kocha na mchezaji hawakai wawili chumba kimefungwa. Ujumbe wa timu unapita kwenye kundi ambalo matroni yumo, na saa tatu usiku simu inalala. Mapenzi ya mchezaji si mada ya benchi, hata kwa utani. Chapel Hill hiyohiyo niliyoisifu ilikuwa na kesi mahakamani, iliyofunguliwa 1998 na wachezaji wawili wa zamani kuhusu maneno ya kocha juu ya maisha yao binafsi. Kocha alikana kuwanyanyasa, na suala lote lilimalizika kwa maridhiano 2008. Miaka kumi. Na anayemwomba binti chochote ili apate namba, hiyo kwetu ina jina, ni rushwa ya ngono, na mahali pake ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kule Tanzania au polisi popote mlipo. Msaidizi aliyejua akanyamaza amekula naye.

Mwisho ni hesabu ya miaka. Shahada nyingi Tanzania ni miaka mitatu, Kenya minne. Maana yake kila mwaka theluthi au robo ya kikosi inavaa joho na kuondoka. Chora safu tatu au nne ukutani, kila jina kwenye mwaka wake. Mkiona mabeki wote wa kati wako mwaka wa mwisho, kombe la mwaka kesho mmeshalipoteza, isipokuwa mwaka wa kwanza yupo anayecheza dakika 20 kila mechi kuanzia sasa. Na tafuteni wachezaji kwenye mashindano ya sekondari, msisubiri wiki ya kwanza ya masomo mkawatangazia wanaotaka kujaribu waje na raba.

Kabla ya likizo, kaeni benchi zima siku moja. Pigeni picha kurasa zote za kaunta buku, nakala moja ibaki ofisi ya michezo, nyingine kwa mlezi wa timu. Ukurasa wa mwisho uandikwe kwa mkono unaosomeka: nani anabaki na namba gani anacheza, goti la nani lina miezi mingapi, mipira mingapi bado inashika upepo, mama ntilie anadai kiasi gani, na ufunguo wa stoo uko kwa nani.

Mzee wenu.