Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya chuo chetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VITABU SITA VILIVYOKATWA KWENYE ORODHA YA IDARA YA HISTORIA

Salaam. Orodha yetu ya manunuzi imerudi idarani wiki iliyopita. Tuliomba vitabu 14, vimepita vinane. Vile sita vilivyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu vyote ni vya historia na jamii za Amerika, na pembeni umeandika kwa mkono wako: "Havihusiani na mazingira yetu." Ningeweza kuja ofisini kwako tukayamaliza. Lakini nimegundua wenzetu wengi hapa chuoni wanaona kama wewe, wengine wamo idarani kwangu, kwa hiyo acha niseme mbele ya wote.

Twende kwanza rafuni. Panda ghorofa ya pili, pita magazeti ya zamani, ufike pale dirisha linapovuja wakati wa masika. Namba 970 hadi 989, rafu za historia ya Amerika. Nilivihesabu Jumamosi: vitabu 31. Karibu vyote vililetwa na kontena la msaada, na kontena halichagui. Ndiyo maana tuna nakala nne za mwongozo wa watalii wa Florida na hatuna hata ukurasa mmoja kuhusu Haiti. Kipya kuliko vyote kilichapwa 1988. Ila chomoa kile chenye jalada la kijani, kinachoeleza kutekwa kwa Mexico, ukifungue nyuma. Karatasi ya tarehe imejaa mihuri hadi mkutubi amebandika nyingine juu yake, na hiyo nayo imeshafika nusu. Kinaazimwa sana. Tatizo ni kilichomo.

Kilichomo ni kwamba Moctezuma, mfalme wa Waazteki, alimdhania Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, kuwa mungu aliyerudi, akampisha. Kila mwaka nakutana na huyo mungu kwenye karatasi za mtihani, na kila mwaka naona vigumu kumnyima mtu alama kwa jambo aliloambiwa na kitabu cha maktaba. Kati ya vile sita kimo Fifth Sun cha Camilla Townsend, cha mwaka 2019, kilichojengwa juu ya maandishi ya Wanahua wenyewe, yaani Waazteki na majirani zao wa lugha moja. Baada ya mji wao mkuu, Tenochtitlan, kuanguka mwaka 1521, mapadri wa Kihispania waliwafundisha vijana wa Kinahua herufi za Kilatini ili wasome dini. Vijana wakaondoka na zile herufi, wakaandika kwa lugha yao habari za wafalme wao, vita vyao na ugomvi wa koo zao. Ukizisoma habari hizo, yule mungu hayumo. Hadithi yake ilikuja kushika mizizi miongo kadhaa baadaye.

Hilo nalo ni la mbali? Sisi watu wa pwani tulichukua herufi za Kiarabu tukaandikia mashairi na barua zetu za Kiswahili. Mwanafunzi wangu anayeandika kuhusu Kilwa ana tarikh ya Kilwa, yaani historia iliyoandikwa na wenyeji, mkono huu, na taarifa za Wareno mkono ule, na hajui amwamini nani kwa lipi. Wanahistoria wa Mexico wamelihangaikia swali hilohilo miaka mingi. Angeweza kuanzia walipofika wao.

Halafu kuna suala la damu. Tumezoea kusema biashara ya watumwa ya Atlantiki ni habari ya Afrika Magharibi, yetu ilikwenda Uarabuni. Si kweli yote. Hesabu za safari za meli walizozikusanya wanahistoria zinaonyesha watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki, na zaidi ya nusu milioni kati yao walitoka upande huu wetu, wengi wao Msumbiji. Desemba 1794 meli ya Kireno iitwayo São José, iliyopakia watu zaidi ya 500 Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Maranhão, Brazil, ilivunjika karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa hukohuko Cape. Mwaka 2015 wapiga mbizi walimwaga pale ilipozama udongo wa Mossuril, huko Msumbiji, uliotolewa na chifu wa Kimakua.

Nilipoeleza hayo darasani, binti mmoja wa Masasi, ambako Wamakua wapo pia, alinyoosha mkono. "Mwalimu, Wamakua hawahawa?" Hawahawa. Akaja maktaba kutafuta zaidi, akarudi na mwongozo wa Florida.

Nina wasiwasi kalamu nyekundu ilisoma "Amerika" ikaelewa "Marekani", na Marekani kila mtu anadhani anaijua kwa sababu ya sinema. Vile sita havikuhusu Ikulu ya Washington. Kimoja ni Tacky's Revolt cha Vincent Brown, cha 2020, kuhusu uasi wa watumwa Jamaica mwaka 1760, ambao yeye anausoma kama vita kamili, tena vita vyenye mizizi Afrika. Kingine ni The Common Wind cha Julius S. Scott, na hiki ningekipigania hata kama kingekuwa peke yake. Kilikuwa tasnifu ya udaktari ya mwaka 1986. Watu waliisoma kwa fotokopi, mkono kwa mkono, hadi ikatoka kitabu mwaka 2018. Kinaeleza jinsi habari zilivyosambaa katika visiwa vya Karibi enzi za mapinduzi ya Haiti kupitia mabaharia, wachuuzi wa sokoni, watoro na askari waliokimbia jeshi. Aliyekulia karibu na bandari, anayejua habari inavyofika gengeni kabla ya redio, hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Mwanahistoria Walter Rodney, ambaye wewe na mimi tulimsoma, alizaliwa Guyana, Amerika Kusini. Alifundisha Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa London na hapo Dar. Tunacho, kwenye rafu ya Afrika, mahali pake. Sasa nenda namba 988, ilipo Guyana. Pana kizuio cha chuma na vumbi.

Pesa najua ni chache. Kitabu cha kitaaluma chenye jalada gumu kinaweza kufika dola 100 kabla hujagusa usafiri. Lakini vitatu nilivyovitaja hapa vimeshatoka kwa jalada laini, na bei yake ni ndogo zaidi. Vitatu vilivyobaki visubiri mwaka ujao wa fedha, sitagomba. Na kontena jingine likija, naomba idara iitwe kabla vitabu havijapigwa mihuri. Nitakuja mwenyewe, hata siku ya Jumapili, tuamue pamoja nini kiingie rafuni na nini kipelekwe kufungia maandazi.

Orodha iliyopunguzwa nimeikabidhi kwa karani wako leo asubuhi. Yule binti wa Masasi anamaliza Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, ghorofa ya chini, chumba kinachotazamana na maktaba