Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: wapangieni watoto shule kwa umbali, si kwa mpaka wa kata

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salaam za wazazi wa mtaa wako wa pembezoni mwa mkoa huu wa Dar es Salaam, mtaa ulioondolewa katika kata ya zamani na kuingizwa katika kata mpya. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia zote tulizoelekezwa tumekwisha kuzipita. Tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukafika kwa Mheshimiwa Diwani, tukapokelewa katika ofisi ya Afisa Elimu Sekondari, na kila tulipofika barua yetu iligongwa muhuri wa kupokelewa na ikaishia hapo hapo. Wiki iliyopita msichana wa kidato cha kwanza kutoka mtaa wetu aligongwa na pikipiki alipokuwa akivuka barabara kuu saa 11 na nusu alfajiri, kukiwa bado giza, akiwahi daladala ya kumpeleka shule mliyompangia. Amevunjika mguu. Daktari amesema atapona, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini wazazi tuliokwenda kumjulia hali tulitoka wodini tukiwa tumekubaliana kwamba hatutasubiri tena muhuri mwingine.

Jambo lenyewe unalifahamu, ila nitalieleza upya ili wasomaji wengine nao walielewe. Kabla kata haijagawanywa, watoto wetu waliomaliza darasa la saba walikuwa wakipangiwa sekondari ya kata ya zamani, ambayo mtoto wa mtaa wetu huifikia kwa miguu kwa muda usiozidi nusu saa, tena bila kuvuka barabara kuu. Mpaka mpya ulipochorwa, mtaa wetu uliangukia kata ambayo sekondari yake iko ng'ambo ya barabara hiyo na ng'ambo ya bonde, na mwanafunzi haifiki bila kupanda daladala mbili. Matokeo ya uchaguzi wa kuingia kidato cha kwanza yalipotoka mwezi Desemba, tulikuta watoto wote wa mtaa, bila kumbakiza hata mmoja, wamepelekwa huko. Shule iliyo karibu nasi sasa inapokea watoto wa mitaa iliyo mbali nayo kuliko sisi, kwa sababu tu mitaa hiyo ilibaki upande wa pili wa mstari.

Naomba nikukumbushe mkutano wa hadhara ulioitishwa kutueleza habari ya mgawanyo. Maafisa wako walisimama mbele yetu wakasema kwamba kugawanya kata ni kusogeza huduma karibu na wananchi, kwamba kitakachobadilika kwetu ni ofisi ya kuchukulia barua za utambulisho, na kwamba zahanati na shule tutaendelea kutumia zile zile. Mzee mmoja aliuliza waziwazi habari ya sekondari, na akajibiwa kwamba asiwe na wasiwasi. Tulipiga makofi siku ile, Ndugu Mkurugenzi. Hatukuomba jibu hilo kwa maandishi kwa sababu hatukuona sababu ya kulitilia shaka neno la Serikali lililotamkwa mbele ya umati.

Nina watoto wawili wa sekondari ndani ya nyumba moja, nami nawalea peke yangu kwa biashara ya genge la mboga. Mkubwa yuko kidato cha tatu katika shule ya karibu, kwa kuwa aliingia kabla mpaka haujabadilishwa. Yeye huondoka saa 12 na nusu asubuhi akiwa amekunywa chai, na saa 10 jioni amekwisha kurudi, anafua sare yake, ananisaidia gengeni na bado anapata muda wa kusoma kabla umeme haujakatika. Mdogo, ambaye ndiye mliyempangia kule, huondoka alfajiri bila kuweka kitu tumboni, kwa sababu akichelewa daladala ya kwanza atachelewa na ya pili, na atakapofika shuleni atakuta wenzake wako darasani na yeye anasubiriwa na adhabu ya uchelewaji. Kurudi ndiyo taabu zaidi. Makonda huwazuia wanafunzi mlangoni mpaka abiria wa nauli kamili waishe, na jioni abiria hao hawaishi, hivyo zipo siku ambazo mtoto wa kidato cha kwanza anaingia nyumbani saa 2 usiku, anakula akisinzia, na daftari la hisabati linabaki ndani ya begi mpaka kesho yake. Mwakani mtoto huyu huyu atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na hakuna atakayeuliza alikuwa akilala saa ngapi.

Nimepiga hesabu ya nauli, na naomba uipitie kwa makini. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwa daladala moja, kwa hiyo mbili za kwenda na mbili za kurudi ni shilingi 800 kwa siku. Ada ya sekondari ya kutwa ya Serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kabla haijafutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ambao ulianza kutekelezwa Januari 2016. Maana yake ni kwamba kila baada ya siku 25 za masomo nalipa kwa daladala fedha ile ile ambayo Serikali ilinisamehe kwa mwaka mzima. Mwaka wa masomo una siku 194, na kwa siku zote hizo nauli inafika shilingi 155,200 kwa mtoto mmoja, mbali na sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana. Yuko jirani ambaye ana mapacha kidato cha kwanza. Sitaki kusema elimu bila malipo imeondolewa mtaani kwetu, kwa sababu hakuna aliyeiondoa kwa waraka. Lakini fedha ambayo ingebaki mfukoni mwa mzazi kwa ajili ya mlo wa mtoto inaondoka kila siku, na imeondolewa na mstari uliochorwa mezani.

Liko pia jambo linalotuumiza zaidi ya nauli, nalo ni historia ya shule yenyewe. Ile sekondari ya kata ya zamani ilijengwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, pale Serikali, na hasa Edward Lowassa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa mwaka 2005, ilipotaka kila kata iwe na sekondari yake. Kila kaya ya mtaa huu ilichangishwa, na aliyekosa fedha alitoa nguvu. Wanaume walichimba msingi, wanawake tulibeba maji na mchanga, na kuna wazee hapa ambao bado wanazo stakabadhi za michango yao zilizofifia wino. Hatuidai shule iwe mali yetu peke yetu, wala hatuwachukii watoto wa mitaa mingine wanaosoma pale. Tunachoshindwa kukielewa ni vipi mtaa uliobeba mchanga wa shule hiyo uambiwe leo kwamba hauhusiki nayo, wakati kengele yake tunaisikia tukiwa majumbani mwetu.

Kwa nini imekuwa hivi, hatujaambiwa, kwa hiyo tunabaki kukisia. Wapo wanaosema shule mpya ina madarasa yaliyohitaji kujazwa haraka, ili isionekane imejengwa ikakosa wanafunzi, na pia kwa sababu fedha za ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Wapo wanaosema orodha ilipangwa kwa kuangalia jina la kata ambayo shule ya msingi imo, bila mtu yeyote kufungua ramani au kuuliza mwenye kuijua njia. Wengine wanahisi ni mvutano wa kata mbili ambao watoto wameingizwa katikati. Mimi naamini zaidi ile ya pili, kwa sababu sioni ni afisa gani mwenye kuijua barabara ile na bonde lile angeweza kuandika majina haya kwa kukusudia. Ikiwa ndivyo, basi kosa hili linarekebishika bila kumdhalilisha mtu yeyote, na kunyamaziwa kwetu miezi yote hii kunazidi kutushangaza.

Tulipoomba uhamisho, kila mzazi kwa mtoto wake, tulielezwa kwamba ni lazima mtoto aripoti kwanza alikopangiwa. Wakaripoti. Baada ya kuripoti tukaelezwa kwamba shule ya karibu imejaa na haina nafasi. Tukauliza imejazwaje, hali idadi ya watoto waliokuwa wakitoka mtaani kwetu kila mwaka inajulikana na viti vyao vilikuwapo. Swali hilo halijapata jibu mpaka leo. Serikali ilijenga madarasa 15,000 mwaka 2021 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari, ili watoto wote waliochaguliwa waanze masomo Januari kwa pamoja bila kungoja awamu ya pili. Juhudi hiyo tuliiona kwa macho na tuliishukuru. Lakini kuwa na nafasi darasani kunamsaidia nini mtoto ambaye nafasi yake imewekwa mahali asipoweza kufika akiwa salama?

Naomba usilichukulie neno hili la usalama kuwa chumvi ya kukolezea malalamiko. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari uitwao SEQUIP, ulioanza mwaka 2020 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, uliwekwa pamoja na mambo mengine ili sekondari zijengwe karibu na makazi, kwa sababu Serikali yenyewe inajua kwamba umbali ndio unaowatoa wasichana shuleni. Msichana anayesimama kituoni gizani kila siku akikataliwa na daladala hatimaye atapewa lifti na mwenye bodaboda, na lifti hiyo siku moja itadaiwa malipo. Akina mama wa mtaa huu hatuhitaji kuelezwa jambo hilo, tumeliona likitokea kwa mabinti wa wenzetu. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango wa wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na ilifanya jema. Ombi letu ni kwamba binti zetu wasifikishwe mahali pa kuuhitaji mlango huo.

Halafu kuna Januari 2028, ambayo naona haizungumzwi kabisa katika vikao vya kata. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na kwa sababu hiyo watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, kisha wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka unaofuata. Elimu ya miaka kumi, yaani hiyo sita ya msingi na minne ya sekondari, itakuwa ya lazima kwa kila mtoto. Ikiwa leo, kwa mkondo mmoja wa watoto, upangaji unafanywa kwa kufuata mstari wa kata bila kuangalia barabara wala bonde, itakuwaje siku ambayo mikondo miwili itafika mlangoni pamoja? Watakaovushwa barabara ile alfajiri watakuwa karibu mara mbili ya hawa wa sasa, na wengi watakuwa wadogo zaidi kwa umri, kwa kuwa watakuwa wametoka darasa la sita. Muda wa kuupanga upya utaratibu ni sasa, wakati idadi bado ni ndogo na makosa yake yanaonekana waziwazi.

Mvua za masika zinakaribia. Wewe na maafisa wako mnalijua bonde lile likijaa, kwa sababu kila mwaka mnakuja na viatu vya mvua kutuonya tusivuke. Daladala ya pili haipiti maji yakipanda, na watoto hushuka wakavuka kwa kushikana mikono. Hatuwezi kuruhusu wavuke mwaka huu. Wazazi wengi tumekwisha kuamua kwamba maji yakijaa watoto watabaki nyumbani, nasi tunajua kwamba mahudhurio yatahesabiwa dhidi yao na kwamba huenda tukaitwa kujieleza kwa nini hatuwapeleki watoto shule. Tukiitwa tutakuja, na maelezo yetu ni haya niliyoyaandika hapa.

Tulipoanza tulikuwa na maombi mengi: mpaka uangaliwe upya, liletwe basi la wanafunzi, vijengwe vivuko barabarani na bondeni, bweni lifikiriwe. Yote hayo bado tunayaona kuwa ya haki, lakini tunajua yanahitaji bajeti na vikao, na baadhi yake yako juu ya mamlaka yako. Kwa hiyo leo tunaomba moja lililo ndani ya uwezo wa ofisi yako, ambalo halihitaji tofali wala shilingi: watoto wa mtaa wetu waliopangiwa kidato cha kwanza mwaka huu wahamishiwe katika sekondari ya karibu kwa orodha moja, bila kila mzazi kuzungushwa na barua yake, na wale watakaowafuata wapangiwe kwa umbali wa nyumbani hadi shuleni hata kama mpaka wa kata unapita katikati. Madawati yakipungua tuambieni. Mtaa huu haujawahi kukataa kuchangia shule ile, na hautakataa sasa.

Tunaomba jibu la maandishi, si la mdomo, libandikwe katika ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa kabla masika hayajaanza, likisema ndiyo au hapana. Likiwa hapana, basi litaje sababu na jina la ofisi iliyoamua, ili tujue tunakwenda wapi kutoka hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi wa wanafunzi wawili wa sekondari, kwa niaba ya wazazi wa mtaa