4K ya hertzi ngapi? Mtuandikie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niwafikishie ombi waandishi wa ukurasa wenu wa teknolojia. Mnapoeleza habari za kompyuta ndogo za mezani, hizi zenye ukubwa wa kitabu kinene, msiishie kuandika kwamba "inakubali skrini ya 4K", ile yenye pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160. Andikeni ni kwa hertzi (Hz) ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, na kwa tundu lipi.

Mimi hupanga kurasa za vitabu vya watoto. Kutwa nasogeza picha na maneno. Nilinunua kompyuta ya aina hiyo ili meza yangu ipate nafasi, nikaiunganisha na skrini ya inchi 27 kwa waya wa HDMI. Picha ilikuwa safi kabisa, ila kishale kizito. Nikivuta mchoro wa tembo kuupeleka ukurasa wa kulia, mkono wangu unafika kwanza, tembo anafuata kwa kurukaruka. Ikifika jioni macho yananiwasha. Nilibadilisha kipanya, nikabadilisha waya, nikailaumu skrini isiyo na kosa lolote.

Siku ya tatu nilifungua mipangilio ya skrini nikakuta imeandikwa 30 Hz. Kumbe tundu lile la HDMI ni la toleo la 1.4, na kwa pikseli 3840 kwa 2160 uwezo wake unaishia picha 30 kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo lililofikisha 60. Kilichoniuma zaidi, nyuma ya kompyuta ileile palikuwa na tundu la DisplayPort linalotoa 60 bila taabu. Nikachomeka huko, tembo akatulia mkononi. Muuzaji hakunidanganya, 4K ilikuwepo kweli. Alinyamazia nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyoniumiza macho.

Skrini ya pili nayo ilinisumbua. Matundu ya USB-C yalikuwa mawili, moja mbele na jingine nyuma, yanafanana kama mapacha. La mbele hupitisha data na umeme tu. La nyuma ndilo linalotoa picha. Hapakuwa na alama yoyote ya kuyatofautisha.

Halafu kuna RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Nyingi ya kompyuta hizi hazina kadi ya michoro ya peke yake. Kazi hiyo hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa, nayo hutumia RAM ileile ya programu zako. Yangu ilikuja na kijiti kimoja cha GB 8. Nilipoongeza cha pili kinachofanana nacho, prosesa ikapata njia mbili za kufikia kumbukumbu, na kurasa zilizojaa picha zikaacha kukwama.

Kueleza wazi kunawezekana. Kwa Mac mini, kompyuta yake ndogo ya mezani, Apple hutaja idadi ya skrini pamoja na hertzi zake: ile yenye chipu ya M1 ya mwaka 2020 inakubali mbili, yenye chipu ya M4 ya mwaka 2024 inakubali tatu.

Basi waandishi wenu wakipata kompyuta ya kujaribu, waiunganishe na skrini mbili za 4K kwa wakati mmoja, wavute dirisha kutoka moja hadi nyingine, kisha watuandikie walichokiona.

Mpanga kurasa,
msomaji wenu