Jokofu la safari ya Loiyangalani

Nairobi, Julai

Mpendwa Mumbua,

Salamu nyingi kutoka huku Lang'ata, ambako mawingu hayajafunguka tangu Jumapili. Sisi hatujambo, Kassim amepona na anakusalimu. Ninakuandikia kwa haraka kwa sababu Shiru ameniarifu kwamba mwezi ujao utampeleka Mama Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kwa lile gari lenu lenye vitanda, na kwamba insulini yake itakaa katika jokofu la humo. Habari hiyo imeninyima usingizi.

Jokofu lenu ni la aina ile tuliyokuwa nayo, linalotumia gesi, umeme wa nyumbani au betri. Halina kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi ya kupoza, bali hupoza kwa nguvu ya joto, na likiwekwa kwenye betri hula takriban wati 170 mfululizo, yaani ampea 14 hivi kwa betri ya volti 12. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, yaani ya kutoa ampea 1 kwa saa 100, haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mtapata saa tatu na nusu tu. Njia hiyo ya betri ni ya wakati gari liko barabarani na injini inachaji.

Hayo tuliyajua Magadi. Tuliegesha chini ya mgunga ili tupate ubaridi, na kivuli kile kile kikaifunika paneli ya jua iliyo juu ya paa. Saa saba usiku mita ilionyesha volti 11.4, yaani betri imekwisha, na alfajiri nilipofungua mlango maziwa yalikuwa yamechacha na damu ya nyama imechuruzika hadi kwenye sukumawiki. Fundi alikuwa ametushauri tuongeze betri ya pili, bila kutuuliza ni nini kingezijaza zote mbili. Nyama tuliitupa, lakini dawa ya Mama mtaitupaje mkiwa Loiyangalani?

Kwa hiyo, mkishaegesha tumieni gesi, gari likiwa limesimama sawasawa, maana jokofu la aina hiyo likiinama halipozi vizuri. Au, na hili ndilo ninalokuomba, chukueni letu jipya lenye kompresa. Hula wati 50 hivi, kisha hupumzika. Hata joto la Turkana likilifanya lifanye kazi nusu ya siku, hiyo ni ampea-saa 50, ambazo paneli za wati 200 huweza kuzirudisha siku yenye jua kali. Waya uwe mnene, kwani mwembamba hupoteza volti njiani na jokofu hujizima betri ikiwa bado na nguvu. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na bamba la barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Je, betri yenu ni ya asidi au ya lithiamu? Paneli zenu ni za wati ngapi? Mama anabeba chupa ngapi, na mna kipimajoto cha kuweka kando yake? Mnaweza kupita hapa Jumamosi mlichukue jokofu, ili tulijaribu usiku kucha kabla hamjaondoka?

Wako,
Zawadi