Ramani za mmomonyoko zikaguliwe vipimo vya pembe

Ndugu Mhariri,

Tangu matope ya Mlima Hanang yalipoufikia mji mdogo wa Katesh mwezi Desemba 2023, sisi tunaochora ramani tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara kuhusu maeneo yenye hatari ya mmomonyoko na maporomoko. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa moja la hesabu linaloweza kuigeuza ramani ya namna hiyo juu chini bila programu kutoa onyo lolote.

Ramani hizi hutokana na rasta ya mwinuko, yaani eneo lililogawanywa katika miraba midogo, kila mmoja ukiwa na namba yake ya mita juu ya usawa wa bahari. Data za bure tunazozitumia sana zilikusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na upande wa mraba ni takriban mita 30. Kutokana na namba hizo kompyuta hukokotoa mteremko, kwa kawaida kwa nyuzi. Shida huanza katika hatua inayofuata, kwani kikokotozi cha rasta cha QGIS, sawa na cha ArcGIS (zote mbili ni programu za kuchorea ramani), huichukulia namba inayotafutiwa sini au kosini kuwa ni radiani, kipimo kingine cha pembe ambacho pai moja yake ni sawa na nyuzi 180. Mchoraji asipozidisha kwanza nyuzi zake kwa pai na kuzigawanya kwa 180, atapata jibu la swali ambalo hakuuliza.

Tuchukue kanuni ya Wischmeier na Smith ya mwaka 1978, ambayo hukadiria mchango wa mteremko katika mmomonyoko: 65.41 mara sini kipeo cha pili, kujumlisha 4.56 mara sini, kujumlisha 0.065. Mteremko wa nyuzi 22 unastahili kupata karibu 11. Lakini radiani 22 ni takriban pai mara saba (waliosoma shule ya msingi wataikumbuka ile 22/7), hivyo sini yake hukaribia sifuri na mlima huo hupewa 0.03, kana kwamba ni uwanja wa mpira. Mteremko wa nyuzi 11, unaostahili 3.3 tu, hupewa karibu 61, kwa kuwa sini ya radiani 11 hukaribia hasi moja. Kipeo cha pili kinafuta alama ya hasi ambayo ingemshtua mkaguzi, na ramani inatoka na rangi zake za kupendeza.

Mwelekeo wa mteremko, unaopimwa kwa nyuzi za dira kuanzia kaskazini, nao una mtego wake. Wastani wa kawaida wa nyuzi 350 na nyuzi 10 ni 180, yaani kusini, ilhali miteremko yote miwili inatazama kaskazini; hapo sini na kosini hutafutiwa wastani kila moja peke yake kabla ya kurudi kwenye pembe.

Ninapendekeza kila ramani ya aina hii iambatane na kanuni kama ilivyoandikwa katika kikokotozi, pamoja na mraba mmoja uliokokotolewa kwa mkono. Halmashauri ambazo tayari zina ramani kabatini zimtume mtu na klinomita, kifaa cha kupimia mteremko, kwenye mteremko wa nyuzi 22 hivi. Ukikutwa umepakwa rangi ya usalama, ramani irudishwe kwa aliyeichora.

Mpima Ardhi,
Morogoro