Dola 472 za mafuta na filta: tuonyeshwe hesabu

Bwana Mhariri,

Naandika juu ya fakitire, yaani ankara, niliyopewa mwezi wa 8 na kampuni iliyoniuzia pikapu hapa Lubumbashi. Naomba uipe nafasi barua hii hata kama ni ndefu, maana najua si mimi peke yangu mwenye karatasi ya namna hiyo nyumbani.

Mimi nauza unga wa mahindi Katuba. Pikapu ni ya mazutu (dizeli), niliinunua mpya kwa mkopo wa benki, na kazi yake ni moja tu: Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kurudi, karibu kilometa 90 kila upande, mifuko 40 ya kilo 25 nyuma. Kila ikitimiza kilometa 10,000 lazima irudi kwa walioniuzia ili ifanyiwe huduma. Mwezi wa 8 ilikuwa zamu ya kilometa 30,000. Niliiacha saa 2 kamili asubuhi. Saa 3 na dakika 40 wakanipigia simu kwamba iko tayari, nikaenda nikalipa dola 472 na senti 70.

Mafuta ya injini, lita 7 kwa dola 18 lita moja: 126. Filta ya mafuta 28, filta ya hewa 52, filta ya mazutu 64. Kazi ya fundi, saa tatu na nusu kwa dola 35 kila saa: 122 na nusu. Kisha mstari umeandikwa «vifaa vidogo», dola 15, bila kutaja ni vifaa gani. Juu ya yote TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, dola 65 na senti 20. Hiyo ni ya Serikali, siigusi.

Faida yangu kwa mfuko mmoja wa unga ni kama dola 1. Kwa hiyo asubuhi ile moja ilikula faida ya safari 12 za Kasumbalesa.

Sikatai kwamba kazi nzuri ina bei yake. Mafuta ya bandia yanauzwa mjini kwenye bidoni zinazofanana kabisa na za kweli, na nimeona watu wakipoteza injini nzima kwa kutafuta nafuu ya dola 30. Dola 18 kwa lita ni nyingi, kwani kwenye duka moja la katikati ya mji niliuliza mafuta ya jina lile lile na namba ile ile nikaambiwa 11. Lakini kama zile 7 za juu ndizo zinazonihakikishia kwamba mafuta ni halali, nitazitoa bila kunung'unika. Ninachouliza ni kingine: nalipia nini hasa?

Chukua zile saa tatu na nusu. Kijana wa mapokezi alinieleza kwa heshima: «Mama, hatuhesabu kwa saa ya ukutani. Kila kazi ina muda wake uliopangwa na kiwanda.» Hilo nalielewa. Garaji kubwa nyingi duniani zinafanya hivyo: fundi awahi au achelewe, mteja analipa muda ule ule ulioandikwa. Una haki yake utaratibu huo, maana fundi mzito hawezi kunilipisha uzito wake. Basi nikamwomba anionyeshe ulipoandikwa. Akasema uko kwenye kompyuta na wateja hawaonyeshwi.

Hapo ndipo tulipoachana. Mteja wangu akitilia shaka kilo 25, mfuko unapanda juu ya mizani mbele ya macho yake, hata kama foleni imefika barabarani. Labda siku ile pikapu ilishikwa na mafundi wawili, na watu wawili kwa saa moja na dakika 40 ni saa tatu na dakika 20. Ningeambiwa hivyo ningelipa na kwenda zangu. Hakuna aliyeniambia.

Sasa nifike kwenye filta ya hewa, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wakazi wa hapa wanajua vumbi letu la kiangazi. Toka mwezi wa 5 mpaka mvua zirudi, ukipita nyuma ya malori ya madini huoni kitu mbele. Ndiyo maana mwanangu, anayesoma umekanika, aliifungua filta ile tarehe 14 mwezi wa 6, akaipuliza kwa pampu ya hewa, akaandika «14/6» kwa kalamu nene kwenye ukingo wake. Jioni ile nilipotoka kwenye huduma alifungua kifuniko ili aione filta mpya ya dola 52. Akaniita. Nilikuta maandishi yake mwenyewe, «14/6».

Kesho yake nilirudi nayo. Hawakubisha. Waliweka filta mpya nikiwa nimesimama pale, wakanirudishia dola 52 mkononi, wakasema fundi alisahau. Nilikubali kwamba mtu anaweza kusahau. Lakini dola 52 zilikuwa zimetozwa TVA, ambayo ni dola 8 na senti 32, nayo haikurudi. Na hawakunipa karatasi yoyote inayosema kwamba fakitire ya kwanza ilikuwa na kosa. Mwenye gari asiye na mtoto wa kumfungulia kifuniko angejuaje?

Watu wataniuliza kwa nini siendi kwa mafundi wa komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambao wanafungua gari ukiwa umesimama karibu na kukupa filta ya zamani mkononi. Ningekwenda leo. Lakini niliponunua niliambiwa kwamba muhuri mmoja ukikosekana kwenye kitabu cha gari, garanti imekufa, na benki inataka garanti iwe hai mpaka deni liishe. Ndugu yangu anayeishi Johannesburg alishangaa kusikia hivyo. Kule Afrika Kusini, tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2021, kuna miongozo ya mamlaka ya ushindani inayomruhusu mwenye gari kulipeleka kwenye garaji isiyofungamana na kiwanda bila kupoteza garanti. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza njia hiyo toka 2002. Sisi tuna sheria ya mwaka 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Wenye kuisimamia watueleze kama garanti inaweza kutumiwa kumfunga mteja mlango mmoja namna hii.

Wakati tunangoja jibu lao, kuna mambo ambayo kampuni yenyewe inaweza kuyafanya Jumatatu ijayo bila sheria mpya. Ibandike ukutani bei ya huduma ya kilometa 10,000, 20,000 na kuendelea, pamoja na muda wa kazi. Itupe makadirio tuyatie sahihi kabla funguo hazijatoka mkononi mwetu. Vipuri vilivyotolewa viwekwe kwenye katoni, turudi navyo nyumbani. Na huo mstari wa «vifaa vidogo» ama utajwe kitu kwa kitu, ama ufutwe.

Nimeandikia kampuni hiyo juu ya dola 8 na senti 32 na sijajibiwa. Pikapu imefika kilometa 36,400. Fakitire zangu tatu ziko depo, ndani ya daftari la madeni, na mwenye gari yeyote anayetaka kuzilinganisha na zake aje nazo siku yoyote isipokuwa Jumapili, kabla sijafunga saa 11 jioni.

Mama muuza unga,
Katuba, Lubumbashi